Dawa za Ebola zinafunga mlango wa seli: je, zitafika Kibua kwa wakati?

Tarehe 1 Agosti 2018, wizara ya afya ya Kongo ilitangaza kama Ebola imeingia Kivu Kaskazini, upande wa Beni. Mlipuko huo ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua katika Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini, na 2,287 kati yao walikufa. Teritware ya Walikale haikubakia kando: katika Agosti 2019 ugonjwa ulionekana Pinga. Tangu siku hiyo, kwa wakaaji wa Kibua na vijiji vya kando kando, Ebola haikuwa tena habari ya mbali ya Beni na Butembo.

Leo kuna dawa mbili zenye kukubaliwa dhidi ya Ebola, na moja kati yao ilitoka katika damu ya Mukongomani. Zote mbili zinafanya kazi kwa kuzuia virusi isiingie ndani ya seli za mwili. Watafiti wa ng’ambo nao wanatengeneza vifaa vipya kwa kutumia ADN, ile ambayo wenye kusema Kiingereza wanaiita DNA, ili kuchunguza mlango huo wa seli na hata kuufunga. Sayansi inakwenda mbio. Swali la watu wa Masisi na Walikale ni lingine: siku ugonjwa ukirudi, mambo hayo yote yatamfikia mgonjwa wa kijijini kabla hajachelewa?

Ebola inaingia namna gani?

Mwili wa mtu umejengwa na seli, chembe ndogo sana ambazo jicho haliwezi kuona. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta na protini. Utando huo unafanya kazi kama bariera ya barabarani: unachagua kitu gani kipite na kitu gani kibaki nje. Chumvi, sukari na ujumbe wa mwili vinapita kwenye milango yake.

Virusi peke yake haiwezi kuzaa. Lazima iingie ndani ya seli, ishike mashine zake, na kuzilazimisha kutengeneza virusi zingine maelfu. Kwa hiyo vita yote kati ya Ebola na mwili inaanzia kwenye utando.

Ebola haivunji mlango. Inajishikiza juu ya utando, na seli yenyewe inaimeza ikidhani ni kitu cha kawaida. Utando unajikunja na kuwa kama mfuko mdogo, virusi ikiwa ndani yake. Ni kama bidhaa ya magendo iliyofichwa katika gunia la makala juu ya lori: lori limepita bariera, lakini gunia bado limefungwa. Virusi iko ndani ya seli, na bado haijafika pale inapotaka kufika.

Ndani ya mfuko ule, seli iko na protini za kukatakata, kama mikasi, za kusaga vitu ilivyomeza. Hapo njo kuna ujanja wa Ebola. Juu ya mwili wake iko na protini inayoitwa glikoprotini, na protini hiyo imevaa kofia. Mikasi ya seli inakata kofia, na chini yake kunatokea sehemu yenye umbo la ufunguo. Seli imefanya kazi ya mwizi bila kujua.

Ufunguo huo unaingia katika kufuli moja tu, protini ya utando wa mfuko inayoitwa NPC1. Kazi yake ya kila siku ni kupitisha kolesteroli, aina ya mafuta ambayo mwili unahitaji. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kama bila NPC1 Ebola haiwezi kuingia. Walichukua seli za watu waliozaliwa na NPC1 yenye kasoro, ugonjwa wa nadra unaoitwa Niemann-Pick C, wakajaribu kuziambukiza katika labo. Virusi ilishindwa.

Kufuli likifunguka, utando wa virusi na utando wa mfuko vinaungana vinakuwa kitu kimoja, sawa vile matone mawili ya mafuta juu ya supu yanavyoungana. Jeni za virusi zinamwagika ndani ya seli. Tangu hapo kingamwili haziwezi tena kuifikia virusi iliyo ndani ya seli hiyo. Zinaweza tu kukinga seli zingine. Njo maana dawa hizi zinalenga dakika zile chache kabla tando hazijaungana.

Kutoka damu ya Kikwit hadi chupa ya dawa

Mwaka 1995 Ebola iliua watu zaidi ya 250 katika mji wa Kikwit, magharibi mwa inchi. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyechukua damu ya wagonjwa wa kwanza kule Yambuku mwaka 1976, alijaribu jambo ambalo wengi walilipinga: kuwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Saba kati yao waliishi. Wenzake wa ng’ambo walisema mfano huo ni mdogo na hauna uhakika. Muyembe alibakia na wazo lake, kwamba aliyepona anabeba ndani ya damu yake silaha ya kuwaponyesha wengine.

Silaha hizo zinaitwa kingamwili, askari wa damu. Mwaka 2006, miaka 11 baada ya mlipuko, mtu mmoja aliyepona Kikwit alitoa damu yake. Watafiti wa INRB ya Kinshasa, wa taasisi za afya za Marekani na wa Bellinzona, Uswisi, walitafuta ndani yake seli zinazokumbuka Ebola. Walizikuta zingali hai. Wakasoma jeni zake, yaani maandishi ya ADN yenye kuonyesha namna ya kutengeneza kingamwili. Maandishi hayo wakayaweka katika seli za kufugwa kwenye labo, nazo zikaanza kuitengeneza kwa wingi.

Kingamwili hiyo iliitwa mAb114. Matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2016: nyani walioambukizwa walipona hata walipopewa dawa siku 5 baada ya virusi kuingia. Namna yake ya kufanya kazi ni rahisi kueleza. Inashika ile sehemu ya ufunguo, inaendelea kuishika hata baada ya mikasi kukata kofia, na ufunguo haupati nafasi ya kuingia katika NPC1. Gunia linabaki limefungwa.

Chanjo ya Ervebo, ambayo zaidi ya watu 300,000 walipata wakati wa mlipuko wa 2018 hadi 2020, nayo inatumia ujuzi huo huo. Watengenezaji walichukua jeni ya glikoprotini ya Ebola na kuiweka juu ya virusi nyingine ambayo haileti Ebola. Mwili unaonyeshwa ufunguo wa mwizi bila mwizi mwenyewe kuingia nyumbani, na unajifunza kuutambua.

Beni ilionyesha nini?

Kuanzia Novemba 2018, katika vituo vya matibabu vya Beni, na baadaye Katwa, Butembo na Mangina, dawa nne zililinganishwa katika utafiti uliopewa jina PALM. Wagonjwa 681 waliingizwa. Katika Agosti 2019 wasimamizi waliusimamisha kabla ya wakati, sababu tofauti ilikuwa wazi. Kati ya waliopata mAb114, asilimia 35 walikufa. Kati ya waliopata REGN-EB3, mchanganyiko wa kingamwili tatu, ni asilimia 34 hivi. Dawa mbili zingine, ZMapp na remdesivir, zilibaki kwenye asilimia 50 na 53.

Lakini hesabu yenye kugusa zaidi watu wa vijijini ni ile ya wakati. Wagonjwa waliofika wakiwa bado na virusi kidogo katika damu na kupata mAb114, mmoja tu kati ya kumi alikufa. Waliofika na virusi nyingi, karibu saba kati ya kumi walikufa, ingawa walipata dawa ile ile. Kila siku moja ya kuchelewa tangu dalili kuanza iliongeza hatari ya kifo kwa kama asilimia 11.

Sababu yake inaeleweka kwa yule aliyefuata habari ya mlango. Dawa inazuia virusi ambayo iko nje. Seli ambazo zimekwisha kuingiliwa haziwezi kuokolewa nayo. Mgonjwa akichelewa siku sita, milango mingi imekwisha kufunguliwa.

Marekani ilikubali REGN-EB3 tarehe 14 Oktoba 2020, kwa jina la Inmazeb, na mAb114 tarehe 21 Desemba 2020, kwa jina la Ebanga. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilizipendekeza zote mbili mwaka 2022.

ADN yenyewe inageuzwa kuwa kifaa

Wengi wanajua ADN kama kitu cha kutambulisha baba wa mtoto. Ni kamba mbili ndefu zilizosokotana, zimeandikwa kwa herufi nne tu: A, T, C na G. A inashikana na T, C inashikana na G. Herufi moja tu ikibadilika, mlango wa seli unaweza kubadilika. Mfano uko ndani ya damu ya watu wa hapa kwetu: watu wengi wa Afrika ya Kati walizaliwa na badiliko la herufi moja linalofanya seli nyekundu za damu zikose protini ya utando inayoitwa Duffy. Aina moja ya malaria, Plasmodium vivax, inatumia protini hiyo kuingilia. Kwa hiyo vivax ni nadra katika Kongo, na malaria inayoua watoto wetu ni nyingine, falciparum, ambayo iko na milango yake mingine.

Sababu kamba hizo zinashikana kwa sheria inayojulikana, watafiti waliona kama wanaweza kuzitumia sawa fundi anavyotumia mbao na misumari. Wazo lilitolewa na Ned Seeman wa Marekani mwaka 1982. Mwaka 2006 Paul Rothemund alionyesha namna ya kukunja kamba ndefu ya ADN ipate umbo lolote mtu analotaka. Mwaka 2012 watafiti wa Munich, Ujerumani, walijenga kwa ADN kitundu kidogo sana na kukiingiza katika utando. Waliipa ADN mikia ya kolesteroli, sababu ADN inapenda maji na utando ni wa mafuta. Mikia ile njo inashika kwenye mafuta kama mizizi kwenye udongo.

Vifaa hivyo vinasaidia kujibu maswali magumu. Katika chuo kikuu cha Stanford, Marekani, kikundi cha Steven Boxer kilitumia kamba fupi za ADN kuifunga virusi ya mafua kwenye utando, bila kutumia kufuli la kawaida la virusi hiyo. Kwa namna hiyo waliweza kutenganisha hatua mbili: kushika mlango, na kuunganisha tando. Mbele ya hapo zilionekana kama jambo moja. Kwa mtengenezaji wa dawa, kujua ni hatua gani imezuiliwa ni sawa na fundi wa pikipiki kujua kama shida iko kwenye buji ao kwenye kabureta.

Mwaka 2021, Hendrik Dietz na wenzake wa Munich walienda mbali zaidi. Walitengeneza maganda ya ADN, nusu duara, yenye kuwekwa kingamwili ndani yake. Ganda linaifunika virusi na kuizuia isiguse seli. Katika majaribio ya labo maganda hayo yalifunika virusi ya homa ya ini aina ya B. Kazi hiyo ingali ya labo. Hakuna hospitali inayotoa dawa ya namna hiyo kwa mgonjwa, na mtu akija Kibua kuuza “dawa ya ADN”, ni mwongo.

Juu ya nini Kibua ijali mambo ya Munich na Stanford? Sababu Ebola si moja. Ervebo, Ebanga na Inmazeb zinafanya kazi juu ya aina ya Zaire tu. Mlipuko wa Isiro mwaka 2012 ulikuwa wa aina ya Bundibugyo. Ule wa Kampala, Uganda, uliotangazwa tarehe 30 Januari 2025, ulikuwa wa aina ya Sudan. Ufunguo wa kila aina uko na umbo tofauti kidogo, na kingamwili inayoshika mmoja inaweza kukosa mwingine. Lakini zote zinafungua kufuli lile lile, NPC1. Dawa inayolinda kufuli, ao inayozuia tando kuungana, ingeweza kufaa kwa aina zote. Shida ni kwamba kufuli hilo lina kazi yake mwilini. Ukiliziba lote, kolesteroli inakwama na mtu anaugua kwa njia nyingine. Ndiyo maana watafiti wanahitaji vifaa vya kupima kila hatua moja moja.

Damu ni ya nani?

Hapa sayansi inakutana na siasa. Dawa ya mAb114 ilitoka katika damu ya mtu wa Kikwit, ikajaribiwa kwa wagonjwa wa Beni na Butembo, na leo haki ya kuitengeneza iko mikononi mwa kampuni ya Marekani, Ridgeback Biotherapeutics. Mwaka 2023, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lililalamika kama sehemu kubwa ya dawa hizi imehifadhiwa katika akiba ya Marekani, na wagonjwa wengi wa Afrika katika milipuko ya baada ya 2020 hawakuzipata.

Profesa Muyembe mwenyewe alisema mwaka 2019 kama sampuli za damu za mlipuko ule zitabaki Kongo, na mwenye kutaka kuzitafiti atafanya hivyo ndani ya inchi. Kwa miaka mingi damu ya Wakongomani ilikuwa inapanda ndege, na majibu yanachapishwa kwingine. Leo INRB inasoma jeni za virusi hapa hapa, na Goma iko na labo yake.

Jambo hilo linagusa pia uvumi. Katika 2018 na 2019 wengi waliamini kama wanganga wanachukua damu na viungo kwenda kuuza. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwezi wa Februari 2019, na mwezi wa Aprili munganga wa OMS, Richard Mouzoko, aliuawa Butembo. Uvumi ule ulikuwa wa uongo na uliua watu. Hata hivyo, swali lililokuwa chini yake ni la haki: mtu akitoa damu, nani anafaidika? Mwenye kuja na sindano bila kueleza damu inakwenda wapi, anasomwa nini, na majibu yatarudi lini, anaacha nafasi wazi, na uvumi utaijaza.

Safari ya sampuli moja

Ili mgonjwa apewe Ebanga, kwanza lazima ijulikane kama ni Ebola kweli. Homa, kutapika na kuhara vinafanana na malaria na tifoidi. Mashine kama GeneXpert, ambayo wengi wanaijua kwa kupima kifua kikuu, inatoa jibu kwa saa chache. Ebola haina ADN, iko na ndugu yake ARN. Mashine inaigeuza ARN kuwa ADN, kisha inazidisha nakala zake hadi zionekane. Nayo inahitaji umeme, katriji zake na mtu aliyefundishwa.

Zoni ya afya ya Kibua iko kati ya Masisi na Walikale, pahali ambapo barabara ya udongo, mvua na vita vinaamua nani anapita. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Walikale-centre nayo ilishikwa mwezi wa Machi mwaka huo, mbele ya waasi kutoka tena mwezi wa Aprili. Familia zilihama, zikarudi, zikahama tena. Sampuli inayotoka kijijini inavuka bariera za watu wenye silaha tofauti, juu ya pikipiki ao mgongoni mwa mtu. Dawa inayorudi lazima ibaki kwenye baridi ya frigo, nyuzi 2 hadi 8, na chanjo ya Ervebo inahifadhiwa kwenye baridi kali zaidi, chini ya nyuzi 60 za barafu.

Mlipuko wa Bulape, jimbo la Kasai, uliotangazwa tarehe 4 Septemba 2025, ulionyesha kama inawezekana. Chanjo na dawa zilifikishwa katika sehemu ya vijijini yenye barabara mbaya, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 1 Desemba. Hata hivyo, kati ya watu 64 walioguswa, 45 walikufa. Wengi waliugua mbele ya ulimwengu kujua. Na Bulape haikuwa na vita.

Kazi iliyo mbele, basi, iko pande mbili. Serikali, OMS na wenye kushika dawa wanapashwa kuweka akiba ndani ya Kongo, karibu na sehemu za hatari, na si ng’ambo ya bahari. Makundi yote yenye silaha yanapashwa kuacha sampuli, dawa na wanganga wapite bila kulipishwa na bila kuulizwa kabila. Wizara nayo inapashwa kuhakikisha kama mashine zinazotumika kwa kifua kikuu zinaweza kupima Ebola bila kungojea tangazo la mlipuko.

Upande wa wakaaji, mambo hayajabadilika tangu Beni: mwenye homa kali pamoja na kutapika ao kutoka damu apelekwe kituo cha afya siku ya kwanza, maiti isioshwe na watu wasiolindwa, na mwenye kukutwa amekufa porini, mtu ao nyama, asiguswe kwa mikono mitupu. Mtu wa Kikwit alitoa damu yake mara moja, na wagonjwa wa Beni waliishi sababu yake. Kwa mgonjwa wa Kibua, siku mbili za kwanza zitakuwa na maana kuliko chupa yoyote itakayofika siku ya kumi.